Vigezo na masharti kuzingatiwa: kompyuta inapokwambia chumba kina nyuzi 144

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Tandika. Mama anauza chai na vitafunwa tangu asubuhi, nikataka kumsaidia kujua chai inakaa moto kwa muda gani kwenye chupa zake. Nilijaza chupa mbili za aina moja, nikapima joto mwanzoni, baada ya saa tatu na baada ya saa sita. Chupa ya kwanza: 88, 79, 72. Chupa ya pili: 88, 80.5, 72. Kisha nikaandika programu ya Python itafute vigezo vitatu vya kanuni ya Newton ya kupoa (kitu hupoa haraka kadiri kinavyolizidi joto la chumba), yaani joto la chumba, tofauti ya joto mwanzoni na kasi ya kupoa, kwa kupunguza jumla ya miraba ya makosa. Chupa ya kwanza ikanipa chumba chenye nyuzi 47.5. Ya pili ikanipa nyuzi 144 na kasi hasi! Nikaweka sharti: kasi ikiwa hasi, au joto la chumba likitoka nje ya 24 hadi 34, fanksheni irudishe 1,000,000. Sasa nikianzia hapa inasimama huku, nikianzia kule inasimama kwingine. Nawekaje mipaka ambayo kompyuta itaielewa? Na dada yangu anafuga kuku wa mayai Chanika, anataka mchanganyiko wa chakula wa bei ndogo ambao mafungu yake lazima yajumlike kuwa 1. Njia ni hiyohiyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze kwa kuitetea kompyuta yako, maana umeiandikia mashtaka ambayo haistahili. Una vipimo vitatu na vigezo vitatu, kwa hiyo mchirizo unaopita juu ya vipimo vyote bila kosa hata chembe kwa kawaida upo. Kwa vipimo vilivyopishana muda sawa kama vyako, hesabu yake inafanyika hata nyuma ya bahasha: zidisha joto la kwanza kwa la mwisho, toa mraba wa la katikati, kisha gawanya kwa jumla ya la kwanza na la mwisho uliyoitoa mara mbili ya la katikati. Chupa ya kwanza: 88 mara 72 ni 6336, mraba wa 79 ni 6241, tofauti ni 95. Chini, 160 ukitoa 158 unabaki na 2. Jibu ni 47.5. Chupa ya pili kwa njia ileile inatoa 144.25. Programu imefanya ulichoituma, na imefika chini kabisa ya bonde, mahali ambapo kosa ni sifuri.

Sasa kaa na hiyo hesabu kidogo kabla hatujagusa mipaka. Badilisha kipimo cha katikati cha chupa ya kwanza kutoka 79 kiwe 79.5. Nusu nyuzi tu, tofauti ambayo mkono ukitetemeka unaisoma vibaya. Joto la chumba linaruka kutoka 47.5 hadi 15.75. Weka 79.4, utapata 26 na ushee. Weka 79.3, karibu 34. Yaani Dar nzima, kuanzia alfajiri ya Julai mpaka mchana wa Februari, imejibanza ndani ya sehemu mbili hivi za kumi za nyuzi kwenye kipimajoto chako. Data zako hazijui joto la chumba. Ukiziuliza kitu zisichokijua zitakujibu tu, kama mtu wa kijiweni anavyokuelekeza njia ya mtaa asioujua.

Ndiyo maana sharti la kwanza, na bora kuliko yote nitakayoyataja, ni kukifuta kigezo. Tundika kipimajoto ukutani, soma joto la chumba, andika 29 au chochote utakachokiona, kisha kiondoe kwenye orodha ya visivyojulikana. Kigezo ambacho hakipo hakihitaji mipaka. Na ukishafanya hivyo kazi inakuwa nyepesi hadi inakera: toa 29 kwenye kila kipimo, chukua logi, na mchirizo unanyooka kuwa mstari. Kutoka tofauti ya 59 mwanzoni hadi 43 baada ya saa sita, kasi ya kupoa ni kama 0.053 kwa saa. Chai itashuka hadi nyuzi 60 baada ya saa kumi na mbili hivi. Ukiendelea na chumba chako cha nyuzi 47.5, programu itamwambia mama saa kumi na nne. Kwa mtu anayejaza chupa saa tisa za usiku, hizo saa mbili ni wateja wa mwisho wanaokunywa chai vuguvugu na kesho wanahamia kwa jirani.

Lakini umeuliza mipaka, na si kila kigezo kina kipimajoto chake. Tuingie.

Kwanza, hiyo milioni moja. Karibu kila mtu huanza nayo, mimi nikiwamo. Nadhani unatumia njia ya Nelder na Mead ya mwaka 1965, maana ndiyo inayovumilia ukatili wa namna hii bila kutoa makosa mekundu kwenye skrini. Njia ile hutembeza umbo: kwa vigezo viwili ni pembetatu, kwa vitatu vyako ni piramidi ya ncha nne. Inapima urefu kwenye kila ncha, ncha mbaya kuliko zote inaigeuzia upande wa pili, na isipopata nafuu inajikunja. Sasa fikiria pembetatu hiyo inakaribia ukuta. Ncha inayovuka inapata milioni moja. Inarudi, inajikunja, inajaribu tena, inavuka, milioni moja. Kila mkunjo unaipunguza upande ule unaoelekea ukutani, hadi pembetatu inalala bapa kama chapati, imegandana na ukuta, na haina tena upana wa kujua kama kuna mteremko mahali pengine. Inasimama. Inatangaza ushindi. Ukianzia mahali pengine, inagandia sehemu nyingine ya ukuta uleule. Hicho ndicho unachokiona.

Tatizo la pili la milioni moja ni kwamba haina mwelekeo. Ukiwa nje kwa nyuzi moja ni milioni, ukiwa nje kwa nyuzi mia ni milioni. Aliyepotea haambiwi nyumbani ni upande gani. Kama lazima utumie faini, basi iongezeke kwa umbali: milioni moja pamoja na kiasi ulichovuka. M. J. Box aliliona tatizo la umbo kulala bapa mwaka uleule wa 1965, akapendekeza kutumia ncha nyingi zaidi ya zile zinazohitajika, kwa kawaida mara mbili ya idadi ya vigezo, ili umbo libaki na mwili hata likibanwa. Ni wazo zuri, ingawa siku hizi kuna njia nyingine.

Kuna ndugu wa milioni moja ambaye ni mbaya zaidi kwa sababu ni mpole. Ndani ya fanksheni mtu anaandika: kasi ikiwa hasi, ifanye sifuri, kisha endelea. Hakuna kosa, hakuna faini. Lakini umeshatengeneza uwanda: upande wote wa hasi fanksheni haibadiliki kwa kigezo hicho. Njia inayofuata mteremko ikiangukia pale inakuta tambarare, inadhani imefika, inakaa. Nimewahi kuipoteza siku nzima ya kazi kwa mstari mmoja wa namna hiyo, tena niliuandika mwenyewe.

Sasa njia ya kuandika tatizo upya ili uvunjaji usiwezekane. Kasi lazima iwe chanya? Basi usitafute kasi, tafuta logi yake. Mwachie kompyuta kigezo q kitembee popote, hasi au chanya, na wewe ndani ya fanksheni uandike kasi = e kwa kipeo q (e ni ile namba ya logi asilia, kama 2.718). Hakuna q duniani itakayokupa kasi hasi. Kuna faida ya pembeni ambayo watu huisahau: kasi yako ni 0.05 wakati joto ni 80. Hatua ya 0.1 kwenye joto si kitu, kwenye kasi ni mara mbili ya kigezo chenyewe. Ukichukua logi, vigezo vyote vinakuja kwenye ukubwa unaofanana, na bonde lililokuwa jembamba kama uchochoro wa Manzese linapanuka, linapitika.

Kwa kigezo chenye mipaka miwili, kama joto la chumba kati ya 24 na 34, kuna hila ya saini. Ile ya trigonometria, si ya benki. Andika joto = 24 + 5 × (saini ya q + 1). Saini haitoki nje ya hasi moja na moja, kwa hiyo joto halitoki nje ya 24 na 34, q ikizunguka itakavyo. Wanafizikia wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wanaifahamu vizuri, kwa sababu MINUIT, programu ambayo James na Roos waliichapisha mwaka 1975, inafanya hivyohivyo kimyakimya kila unapoipa mipaka miwili. Na ni mwongozo wa programu hiyohiyo unaokuonya usiweke mipaka isipohitajika, na kwamba ukishapata jibu lililo mbali na ukuta, uiondoe mipaka na urudie ili makadirio ya makosa yawe sahihi.

Kwa nini waionye hila yao wenyewe? Kwa sababu kila ubadilishaji una uongo wake ukutani. Ukiwa kwenye 34 kamili, saini iko kileleni. Sogeza q kidogo, joto haliendi popote. Mteremko unaouona ni sifuri, si kwa sababu umefika bondeni bali kwa sababu umesimama juu ya kilele cha saini. Ukianzia hapo, huondoki. Hata wale wanaotumia mraba, kigezo = q × q ili kisiwe hasi, wakianzia sifuri wanakwama vilevile. Logi nayo ina kasoro ya upande wa pili: sifuri yenyewe haifikiki. Kama jibu la kweli ni sifuri, q itakimbilia hasi ishirini, hasi mia, hasi elfu, na programu itakwambia imechoka kabla haijafika. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: naamini jibu liko ndani, nabadilisha kigezo. Nashuku jibu liko ukutani, sibadilishi.

Kwa jibu lililo ukutani, angalia maji.

Wewe ni mtu wa Dar, hii huhitaji kusimuliwa. Mvua za masika zikinyesha, maji yanashuka kutoka Pugu na Kisarawe yakitafuta bahari. Hayana ramani, kila tone linafuata mteremko ulio chini yake. Yakikuta ukuta wa kiwanja cha mtu Jangwani hayarudi juu, na hayasimami pale yalipogonga. Yanageuka, yanaufuata ukuta, yakitafuta sehemu ya chini kabisa kando yake. Yakikuta ukuta umeisha, au mteremko umegeuka kuelekea mbali na ukuta, yanauacha. Yatatulia mahali ambapo mteremko unayasukuma moja kwa moja ukutani, si kulia wala kushoto.

Hiyo ndiyo nadharia yote. Sharti la jibu kuwa ukutani ni kwamba nguvu pekee iliyobaki inakandamiza ukuta kwenda nje. William Karush aliiandika kwenye tasnifu yake ya uzamili huko Chicago mwaka 1939, hakuna aliyemsikiliza. Kuhn na Tucker wakaichapisha mwaka 1951 na dunia ikaamka. Leo majina yote matatu yanatajwa pamoja.

Programu inayotembea kama maji ipo, na pengine tayari unayo. Inaitwa L-BFGS-B, ilichapishwa mwaka 1995 na Byrd, Lu, Nocedal na Zhu. Herufi ya mwisho ndiyo ya mipaka. Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, ukiipa minimize, yaani fanksheni yake ya kupunguza, mipaka ya kila kigezo bila kutaja njia, hiyo ndiyo inayochaguliwa. Kila hatua inaamua vigezo vipi vimegonga ukuta, inavishikilia pale, inavitafutia vingine mahali pa chini, kisha inaangalia tena kama kuna kinachotaka kuachiwa. Kwa tatizo la vigezo vyenye mipaka ya kawaida, huku chini na huku juu, mimi naanzia hapo na mara nyingi naishia hapo.

Usijaribu kuiga kazi hiyo kwa kukata tu kila kigezo kinachovuka. Kama unafuata mteremko mtupu, kukata kunafanya kazi. Hatua ikiwa ndogo utaendelea kushuka. Lakini njia za jamii ya Newton, zinazotazama pia jinsi mteremko unavyopinda, zinachanganya vigezo: zinasogeza kimoja kwenda kulia kwa sababu kingine kinakwenda kushoto. Ukimkata mmoja peke yake umevunja makubaliano yao, na hatua iliyokuwa ya kushuka inaweza kukupandisha. Bertsekas alieleza mwaka 1982 namna ya kuirekebisha. Wewe tumia tu programu iliyokwisha rekebishwa.

Mipaka ya kawaida ni ukuta ulionyooka. Ukuta ukiwa umepinda, kama pale sharti linapozidisha kigezo kimoja kwa kingine, ndipo faini zinarudi, lakini zile zenye akili. Hapa nataka tuchukue mfano mdogo kuliko wote ili tuone kinachotokea kwa namba.

Punguza mraba wa (x − 3), kwa sharti kwamba x isizidi 2. Jibu unalijua: 2. Tufanye kama hatulijui. Njia ya faini inaongeza m mara mraba wa kiasi kilichozidi. Kwa m = 1 jibu linatoka 2.5. Kwa m = 10 linatoka 2.091. Kwa 100, 2.0099. Kwa 1000, 2.001. Umeona? Kila mara liko nje kidogo. Faini ya mraba haizuii, inapatana bei. Kama polisi wa barabarani anayetoza kwa kilomita, dereva atazidisha mwendo mpaka pale ambapo haraka yake inalingana na faini. Unaweza kusema basi weka m iwe bilioni. Ukifanya hivyo unatengeneza korongo lenye kuta wima, na kompyuta inashindwa kutembea ndani yake kwa sababu hatua yoyote ya maana inagonga ukuta. Ukilazimika, panda taratibu: 1, kisha 10, kisha 100, kila mara ukianzia pale ulipoishia.

Njia ya kizuizi inafanya kinyume. Inakaa ndani na kuogopa ukuta: inatoa r mara logi ya nafasi iliyobaki. Kwa r = 1 unapata 1.634, kwa 0.1 unapata 1.952, kwa 0.01 unapata 1.995. Inakaribia kutokea ndani, haivuki kamwe. Fiacco na McCormick waliipa kitabu kizima mwaka 1968, ikaonekana imezeeka, halafu Karmarkar akazua mtafaruku mwaka 1984 kwa njia yake ya kupita ndani na ikarudi ikiwa mtoto wa kisasa. Programu nyingi kubwa za leo ni wajukuu wake.

Ninayoipenda mimi ni ya tatu, ya Hestenes na Powell, kila mmoja kivyake, mwaka 1969. Unatumia faini ya wastani, tuseme m = 10, na huipandishi. Jibu la kwanza ni lilelile 2.091, umevuka kwa 0.091. Badala ya kuongeza ukali, unakumbuka: ukizidisha hiyo 0.091 (kwa usahihi zaidi 0.0909) kwa 20, yaani mara mbili ya m, unapata 1.818, na hiyo inakuwa bei ya kudumu kwa kila kiasi cha kuvuka. Unapunguza tena ukiwa na bei hiyo pamoja na faini. Sasa linatoka 2.0083. Unaongeza bei inafika 1.983. Mara ya tatu, 2.00075. Kosa linagawanywa kwa 11 kila mzunguko, na korongo halijazidi kuwa jembamba hata kidogo.

Na ile bei inaelekea 2. Hiyo namba usiitupe. Ndiyo gharama ya ukuta: inakwambia ukuta ukisogezwa kidogo fanksheni itapungua kwa kiasi gani. Jaribu: ukuta kwenye 2, fanksheni ni 1. Usogeze hadi 2.1, inakuwa 0.81. Umepata 0.19, karibu kabisa na 2 mara 0.1. Mhandisi akikuuliza "hili sharti linatugharimu nini?", jibu liko mkononi mwako bila hesabu mpya.

Kabla ya kuchagua yoyote kati ya hizi, jiulize swali moja ambalo watu wengi hawajiulizi: sharti langu likivunjwa kwa sekunde moja katikati ya safari, kuna madhara? Kama ndani ya fanksheni kuna logi ya kigezo, kigezo kikiwa hasi hata mara moja hakuna jibu, kuna makosa tu. Sharti la hivyo ni la kizuizi au la ubadilishaji. Lakini kama sharti ni la bajeti au la usawa fulani, kompyuta inaweza kulivunja njiani na kulitimiza mwishoni bila mtu kuumia. Hapo njia ya Hestenes na Powell, au SLSQP, njia nyingine ya masharti ambayo pia iko SciPy, zinakwenda vizuri. Zikichanganyika, kila sharti lipe dawa yake. Na angalia: baadhi ya programu hupima mteremko kwa kuchungulia hatua ndogo mno pembeni, hata upande wa pili wa ukuta. Mtu anaweza kuweka mpaka wa sifuri na bado akapata logi ya hasi. Weka mpaka wako 0.000001 badala ya sifuri, ulale usingizi.

Dada yako wa Chanika yeye ana bahati, hahitaji lolote kati ya haya. Gharama ya chakula ni bei mara kilo, ukijumlisha. Protini ni asilimia mara kilo, ukijumlisha. Kila kitu ni mstari, na matatizo ya mstari yana njia yake, simplex ya George Dantzig ya mwaka 1947, ambayo ipo hata ndani ya Excel. Sharti la mafungu kuwa 1 linaingia kama lilivyo. Ukijaribu kumfanyia ile hila ambayo watu wa mitandao ya neva, wale wa akili bandia, wanaipenda, ya kugawanya vipeo vya e ili mafungu yajumlike kuwa 1 yenyewe, utajiumiza: hila hiyo hairuhusu fungu lolote kuwa sifuri kamili, wakati jibu la mstari hukaa kwenye kona na kona zimejaa sifuri. Chukua mahindi yenye protini kama asilimia 9, mashudu ya alizeti tuseme 30 na dagaa 55, ukitaka 17. Ukiwa na sharti la protini na la jumla tu, kompyuta itachagua vitu viwili na kutupa cha tatu: ama mahindi asilimia 62 na mashudu 38, ama mahindi 83 na dagaa 17, kutegemea bei ya siku. Asishangae. Aongeze masharti anayoyajua mwenyewe: dagaa isizidi kiasi, maana mayai yatanuka samaki, mashudu yasizidi kiasi, kwa sababu ya nyuzinyuzi, chokaa iwepo ya kutosha kwa ajili ya ganda. Masharti hayo ndiyo yanayofanya mchanganyiko ufanane na chakula.

Turudi kwenye chupa. Ukimpa L-BFGS-B mipaka yako ya 24 hadi 34, chupa ya kwanza itakaa kwenye 34, na ya pili itakaa kwenye 24. Chupa za aina moja, chumba kimoja, moja imeegemea dari na nyingine sakafu. Kigezo kinapogandia ukutani, usikichukulie kama jibu. Kuna kitu kinasukuma. Nilipima kisima kimoja Kigamboni miaka ya nyuma, na kigezo cha kiasi cha maji ambacho mchanga unaweza kuachia, ambacho kwa mchanga wowote wa kweli ni sehemu ndogo ya moja, kilikwenda kugandia kwenye 1 niliyoweka kama mpaka. Nikapandisha mpaka kwa udadisi, kikapanda nao. Ilikuwa lita. Nilisoma kasi ya pampu kwa lita na kuiandika kama mita za ujazo. Bila ule ukuta ningepata namba kubwa mno na pengine ningeitungia maelezo.

Kwa chupa ya kwanza kinachosukuma ni kipimajoto chako: ukiweka chumba 29 kipimo cha katikati kilitakiwa kuwa 79.37, ukiweka 34 kilitakiwa kuwa 79.30. Tofauti ya 0.07 huwezi kuisoma. Hakuna cha kutafuta hapo, soma joto la chumba ukutani na uendelee.

Ya pili ni habari nyingine. Ilishuka nyuzi 7.5 kwa saa tatu za kwanza, halafu 8.5 kwa saa tatu zilizofuata. Chupa inayopoa yenyewe haiongezi kasi ikiendelea kupoa; kwa vyovyote kipimo cha katikati kingekuwa karibu na 79.4, wewe umesoma 80.5. Inaweza kuwa jicho. Lakini kuna njia moja rahisi ya chupa kuanza kupoa haraka zaidi katikati ya safari, nayo ni chai kupungua ndani yake. Kabla hujabadilisha mstari wowote wa programu, muulize mama kama ulipoifungua kupima saa ya tatu, hakuna mtu aliyejimiminia kikombe.